Mashine Isahihishe, Mwalimu Afundishe: Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji na Ndugu Afisa Elimu wa Awali na Msingi,

Nipo Ilemba, huku bondeni chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Ninawaandikia juu ya programu za mazoezi ya hisabati, zile ambazo mtoto hufanyia hesabu kwenye kishikwambi au kompyuta na mashine ikamwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Habari za elimu ya kidijitali zimeenea nchi nzima. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yake, na walimu walikwisha kugawiwa vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022. Wauzaji na wafadhili wa programu za watoto nao watabisha hodi, kama hawajabisha, na swali watakalotuwekea mezani litakuwa moja: tununue vishikwambi vingapi? Naomba msianze na swali hilo. Anzeni na jingine: katika Darasa la Pili na la Tatu, ni kazi gani ya hisabati ambayo mwalimu mmoja haiwezi, hata awe hodari namna gani, na mashine inaiweza? Jibu langu ni kusahihisha. Mashine ikipewa kazi hiyo, itatufaa. Ikiletwa kwa kazi nyingine yoyote, nina hofu tutanunua vioo vya kuwekwa kabatini.

Nianze na hesabu yenyewe. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wameingia shuleni kwa wingi. Ni jambo jema kabisa, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ileile, na vijijini darasa la watoto 90 si ajabu. Mwalimu akitoa maswali kumi tu, watoto 90 wanamrudishia majibu 900. Akitumia sekunde tano kwa kila jibu, bila kupumzika na bila kumwambia mtoto hata neno moja, atamaliza baada ya dakika 75. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Yaani zoezi la kipindi kimoja linadai vipindi viwili na nusu vya kusahihisha, na bado kuna Kusoma, kuna Kuandika, kuna maandalio ya kesho. Basi mwalimu hufanya anachoweza: anapitia madaftari machache, anaandika majibu ubaoni watoto wajisahihishe, au anaweka vema moja kubwa chini ya ukurasa. Hana kosa. Hesabu ndiyo inayomkatalia.

Sasa mtazameni mtoto aliyepewa 52 toa 38. Anaandika 26. Ametoa 2 katika 8 akapata 6, akatoa 3 katika 5 akapata 2. Kwake yeye kutoa ni kuondoa namba ndogo katika kubwa popote zilipo, iwe juu au chini. Ni kosa lenye mantiki yake, na kila mwalimu wa Darasa la Pili analifahamu. Likionekana siku hiyohiyo, mwalimu huchukua vijiti, anafungua fungu moja la kumi, anamwonyesha mtoto jinsi 2 inavyogeuka 12, na jambo limekwisha. Lisipoonekana, mtoto atafanya maswali 20 ya namna hiyo wiki hii na mengine 20 wiki ijayo, na kila swali litalikaza kosa lake. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na hapa sisi wenyewe ndio tunaomzoesha mtoto. Akifika kwenye kugawanya atahitaji kutoa, akifika kwenye sehemu atahitaji kugawanya, na pengo la Darasa la Pili litamsindikiza ngazi baada ya ngazi. Matokeo ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni yanaonyesha mwisho wa safari hiyo: wanaofaulu Hisabati wamekuwa kati ya moja ya tano na robo ya watahiniwa wote nchini. Wengi huwalaumu walimu wa sekondari. Mimi naona mzigo huo ulianza kufungwa miaka minane au tisa kabla, katika madaftari yasiyopata kalamu nyekundu.

Je, tuna ushahidi kwamba mashine inaweza kuuvunja mzunguko huo? Upo, tena mojawapo ya majaribio makubwa duniani lilifanyika hapahapa Tanzania. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, karibu watoto 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE lenye zawadi ya dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk, na lilifanyika kwa ushirikiano wa serikali yetu, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani. Vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua viliwekwa vijijini, na wengi wa watoto wale hawakuwahi kukanyaga darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na stadi za kuhesabu nazo zilipanda. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya programu mbili, Kitkit School na onebillion, na kazi za washindani wote watano wa mwisho zikawekwa wazi ili atakaye azitumie bila malipo.

Nauheshimu sana ushahidi wa Tanga, na kwa sababu hiyo nataka tuusome wote. Nusu iliyobaki bado haikuweza kusoma neno hata moja baada ya miezi 15 ya kuwa na kishikwambi. Kila mtoto alikuwa na kifaa chake peke yake, jambo ambalo halmashauri yetu haitaliweza. Na wengi wa waliopimwa walikuwa watoto wasio na mwalimu kabisa. Kwao mashine ilishindana na kutokuwa na kitu. Watoto wetu wa Ilemba, Muze na Mtowisa wana mwalimu, ila mwalimu aliyezidiwa. Kwa hali kama yao, mfano ulio karibu zaidi nauona mjini Delhi, India, ambako watafiti Muralidharan, Singh na Ganimian walipima programu iitwayo Mindspark. Watoto waliohudhuria vituo vya baada ya masomo walikuwa nyuma ya madarasa yao kwa miaka kadhaa. Programu haikuwapa maswali ya darasa walilosajiliwa. Ilitafuta kila mmoja alipoishia kuelewa, ikaanzia hapo. Kwa miezi minne na nusu tu walipiga hatua kubwa katika hisabati, na walio dhaifu, ambao katika darasa la kawaida walikuwa karibu hawasongi mbele kabisa, nao walisonga. Watafiti hao wanaona siri yake kuu katika swali linalomfaa mtoto huyu, na programu yenyewe husahihisha jibu papo hapo. Pia palikuwa na mtu wa kuwasaidia watoto katika vikundi vidogo, na hilo msilisahau.

Wekeni Delhi kando ya Peru. Serikali ya Peru ilipeleka kompyuta ndogo kwa watoto wa vijijini kwa wingi mno, karibu kila mmoja na yake. Watafiti walipolinganisha shule 319, hawakuona tofauti yoyote katika mitihani ya hisabati na lugha. Kompyuta zilifika, mazoezi yaliyopangwa kwa kiwango cha mtoto hayakufika. Jirani zetu wa Kenya nao waliahidiwa kompyuta za Darasa la Kwanza katika uchaguzi wa 2013, ugawaji ukaanza 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikaenda kwenye shule zaidi ya 20,000. Nyingi zikabaki na vifaa visivyotumika kwa kukosa umeme, mafunzo na ratiba. Kwangu mimi, somo kubwa la Kenya ni jingine, halikupigiwa ngoma. Huko Kisumu, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha njia tatu za kutumia vifaa katika kufundisha kusoma: kuwapa wanafunzi, kuwapa walimu, au kuwapa maofisa wanaowatembelea na kuwaelekeza walimu. Njia zote tatu hazikuupita kwa kiasi cha kutajika mpango wa msingi wa vitabu, miongozo na mafunzo usio na vifaa hivyo, na ghali zaidi ilikuwa ile ya kumpa kila mwanafunzi kifaa. Hapa kwetu, jaribio la KiuFunza lililoendeshwa na Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya kumi lilionyesha jambo linalofanana. Shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, bila kingine, hazikupandisha alama za watoto. Zilizopewa ruzuku hiyo pamoja na motisha kwa mwalimu kulingana na matokeo ya watoto zilipandisha. Fedha ya vitu ilizaa matunda ilipokutana na juhudi ya mwalimu. Kishikwambi ni kitu.

Kwa hiyo ninachopendekeza kina sura maalumu. Chukueni darasa la watoto 90 na vishikwambi 30. Watoto wagawanywe makundi matatu. Kundi moja lifanye mazoezi kwenye vishikwambi, la pili lifanye maswali kwenye daftari, la tatu likae mbele ya mwalimu na vihesabio vyake, vizibo au vijiti. Baada ya dakika 30 wabadilishane. Kwa mara ya kwanza mwalimu huyo atakuwa anafundisha watoto 30, na katika hao atakuwa amekwisha kuona nani anaandika 26 palipostahili 14, kwa sababu programu itakuwa imemworodheshea. Mashine inajua kwamba jibu si sahihi. Mara nyingi haijui kwa nini. Mwalimu anajua kwa nini, ila hapati nafasi ya kuliona jibu. Tukiwaunganisha wawili hawa tutakuwa tumepata tulichokosa kwa miaka mingi. Malawi, ambayo si tajiri kutuzidi, imeanza mpango wa kitaifa wa namna hii kwa madarasa manne ya mwanzo, vishikwambi vikitumiwa kwa zamu, vikichajiwa kwa jua, kwa programu ya onebillion, moja ya zile mbili zilizoshinda Tanga.

Programu hizi huitwa za mtandaoni, na jina hilo limewakatisha tamaa wengi wanaoijua hali yetu. Mkoa wetu umetegemea umeme wa kutoka Zambia na majenereta kwa miaka mingi, na mawasiliano huku bondeni yanajulikana yalivyo. Programu inayodai intaneti kila swali haitufai, na muuzaji anayesema mtandao utakuja aje nao kwanza. Lakini programu za Tanga zilifanya kazi bila intaneti, na upo mfumo wa Kolibri, uliotengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na mtandao, unaohifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa kwa vifaa vingine chumbani. Mtandao utahitajika mara chache, wakati wa kuongeza masomo mapya, na kazi hiyo inaweza kufanyika Laela au Sumbawanga mjini. Jua tunalo, ingawa wakati wa masika ratiba ya kuchaji itabidi ipunguzwe. Kule Tanga akina mama wa vijijini walikabidhiwa kutunza vituo vya kuchajia. Kamati za shule zetu zinaweza kumteua mzazi mmoja anayeaminika na kumlipa posho, naye ndiye awe mlinzi wa kabati na mwangalizi wa kundi la vishikwambi wakati mwalimu anafundisha.

Lugha isije ikaonekana jambo dogo. Programu nyingi za kibiashara ni za Kiingereza, na kuna wazazi watakaofurahi kuona mtoto anabonyeza Kiingereza. Hisabati katika shule zetu za msingi za serikali inafundishwa kwa Kiswahili, na kwa mtoto wa Kifipa au Kisukuma wa bonde hili Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili anayoikuta shuleni. Kumwongezea ya tatu katikati ya hesabu ni kumpima lugha tukidhani tunampima hesabu. Tena Kiswahili kina neema yake. Mtoto anayesema kumi na mbili ametaja kumi lake na mbili zake kwa mdomo wake, thamani ya nafasi ameishika kabla hajaandikiwa ubaoni. Maneno ya Kiingereza ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi hata kidogo. Ni kweli kwamba ishirini na thelathini nazo zinaficha makumi yake, na mwalimu mzuri huzifafanua kuwa makumi mawili na makumi matatu. Programu nayo ifanye hivyo.

Najua yatakayosemwa. Mzazi wa Kaoze au Kipeta atauliza kwa nini tuzungumzie vishikwambi ilhali kuna watoto wanaoketi sakafuni na matundu ya vyoo hayatoshi. Ana haki, na sitaki hata shilingi moja ya madawati iguswe. Ndiyo maana siombi vishikwambi kwa shule zote, na naomba mwanzo uwe vile ambavyo walimu wanavyo tayari mkononi. Katika vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wapitie pamoja programu zilizo bure, wazitazame kwa jicho la ufundi, waseme ipi inafuata muhtasari wetu na ipi ni mchezo wa rangi. Uamuzi wa programu gani itumike utoke kwao, usishuke kutoka kwa muuzaji.

Wengine watasema watoto watabahatisha. Watabahatisha, hasa pale programu inapowapa majibu manne wachague moja, au inapowapa nyota kwa haraka yao. Basi ichaguliwe programu inayomtaka mtoto aandike jibu mwenyewe, isiyomruhusu kupanda hatua mpaka apate mfululizo, na muda wa kioo usizidi nusu saa kwa siku. Daftari libaki. Mitihani ya taifa ya mtoto itakuwa ya karatasi, na kupanga mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi kwa penseli ni sehemu ya kuielewa hesabu. Kwa wale wanaohofia mwalimu kupokonywa kazi, nadhani mpango wa makundi matatu umewajibu: bila mwalimu, makundi mawili kati ya matatu hayana maana. Na kuna hofu moja ambayo sijaisikia ikisemwa sana nami ningependa isemwe. Programu hizi hukusanya habari za mtoto, makosa yake, kasi yake, jina lake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mkataba wowote mtakaousaini useme wazi kwamba taarifa hizo ni za shule na mzazi, hazitauzwa wala kupelekwa kokote.

Limebaki pingamizi ambalo mimi mwenyewe naliona zito kuliko yote. Kama tatizo ni kusahihisha, kwa nini tusitafute mtu wa kusahihisha? Vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita wapo katika kila kijiji. Kijana mmoja mwenye kalamu nyekundu, aliyefundishwa kwa wiki mbili kutambua makosa ya kawaida ya kutoa na kuzidisha, akilipwa posho na shule, anaweza kupitia yale majibu 900 kabla jua halijazama. Hahitaji chaji, haibiwi, na anaweza kumuuliza mtoto, umepataje hii? Siwezi kuwaambia kwa uhakika kwamba kishikwambi kitamshinda. Ushahidi wa Kisumu unanifanya nimfikirie kwa uzito.

Ombi langu basi ni hili. Katika makisio ya mwaka wa fedha ujao, unaoanza Julai, tengeni fungu dogo kwa ajili ya shule tisa za halmashauri hii, baadhi za juu Ufipani na baadhi za huku bondeni. Tatu zipewe vishikwambi 30 kila moja, vya zamu, vyenye programu ya Kiswahili isiyohitaji intaneti, pamoja na mafunzo ya walimu. Tatu zipewe vijana wa kusahihisha kwa fedha inayolingana na hiyo. Tatu ziendelee kama zilivyo, kwa ahadi kwamba mwaka unaofuata zitapata njia itakayofaa. Watoto wa Darasa la Pili na la Tatu wapimwe kwa karatasi mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, mitihani isahihishwe na walimu wa shule nyingine, na matokeo yote, mazuri na mabaya, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na kusomwa katika mikutano ya vijiji. Kishikwambi kikishinda, mtakuwa na ushahidi wenu wenyewe wa kupeleka kwa mfadhili yeyote. Kijana mwenye kalamu nyekundu akishinda, tumwajiri yeye, na wauzaji tuwaage kwa heshima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kata ya Ilemba